Mkanda wa Darasa la Tano

Mwankoko,
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mwanangu mpendwa Winfrida,

Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, nami naitikia marahaba mara mbili, moja ya leo na nyingine ya akiba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na mumeo Gerald na walimu wenzako. Ukiuliza habari zangu, miguu imevimba tena na pumzi inaishia mlangoni, lakini akili ipo. Nakuomba ulishike hilo la akili, maana ukifika mbele utashawishika kusema kwamba baba mkubwa amezeeka, anaweweseka. Siweweseki. Severina, mkwe wangu, amenipa maziwa ya mgando asubuhi, nimeyamaliza, na ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Jumanne ulipopokea nikakuuliza habari za kuku wako. Alhamisi nikapiga tena nikakuuliza habari za kuku walewale, ukacheka ukasema kuku wanashukuru kwa kujaliwa. Sauti ilinikataa, mwanangu. Kalamu haina koo.

Uliponiita shuleni kwako nije niwafundishe darasa la tano habari za majengo imara, nilidhani unanitafutia tu shughuli nisife kwa upweke. Lakini wale watoto wamenipa furaha ambayo sikuitarajia tena. Niliwagawa makundi sita. Kila kundi nililipa mabua ya alizeti, kamba ya mkonge na ndoo ya udongo wa kichuguu, nikawaambia wajenge nyumba yenye urefu wa goti langu, ibebe tofali na isianguke nchi ikitikisika. Nchi yenyewe ilikuwa ubao juu ya chupa nne za soda zilizolazwa. Mimi ndiye niliyekuwa tetemeko, nikiusukuma ubao huku na huku kwa fimbo yangu.

Siku ya kwanza zilianguka zote. Isaka, yule mwenye maneno, alikuwa ametangaza kwamba kundi lake linajenga ghorofa, wengine wakae na vibanda vyao. Ghorofa ilikwenda chini kabla tofali halijakaa vizuri. Wenzake wakamwimbia kwamba ghorofa ya Isaka imelala kabla ya mwenye nyumba. Naye akajibu kwamba babu ametikisa kwa chuki. Nilicheka mpaka Severina, aliyenisindikiza, akaniletea maji.

Siku ya pili nikawafundisha mkanda. Niliwaambia kuta nne ni kama watu wanne wasiofahamiana, kila mmoja akisukumwa anaanguka kivyake. Wafunge kwa kamba moja juu ya milango na madirisha, na akisukumwa mmoja watamshika watatu. Nikawaambia kwamba kwenye nyumba za kweli mkanda huo ni lenta, zege lenye nondo ndani yake, na kwamba nondo ndiyo kamba. Nyumba ya kundi la Eliana ilikuwa mbaya kuitazama, imeinama kama kuku mgonjwa, lakini waliifunga vizuri. Ilibeba matofali matatu na tetemeko langu likachoka kabla yake.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Eliana hakushangilia na wenzake. Alinyanyua macho akatafuta mkanda wa darasa lao. Akauliza kama ni ule ulio juu ya mlango, pale lilipogandamizwa jina langu, nikamwambia ndio. Akauliza kwa nini unalia. Nikatazama. Michirizi ya rangi ya kutu imeshuka ukutani, mmoja umepita katikati ya jina langu. Kabla sijamzuia alichukua mpini wa ufagio akagonga, na kipande cha zege kikubwa kama kiganja kikadondoka. Alinipeleka hadi pale. Ndani nondo ilikuwa imevimba na kuchanika matabaka kama gome la mti mkavu. Akasema, kwa adabu kabisa, “Babu, kamba yetu imeoza.”

Nilimwambia ni uchafu wa bati unaoshushwa na mvua. Nikamwambia aende akakae. Akaenda akakaa, mwanangu, chini ya lenta ileile, akafungua daftari. Upepo ukaubamiza mlango, na vumbi jeupe likashuka juu ya daftari lake. Akalipuliza, akaendelea kuandika. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na sasa ni siku ya kumi na moja.

Naomba ukae chini usome haya ukiwa umekaa.

Unakumbuka mwaka themanini na nne tulipojenga darasa hilo, mimi nikiwa mwalimu mkuu, ulikuwa darasa la saba, mrefu kuliko wasichana wote. Kuta zilikuwa zimesimama bila lenta wala bati, matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na ilikuwa Oktoba kama Oktoba zetu zilivyo. Kisima kilikuwa kimekauka, kila kaya ilipata ndoo moja kwa siku, na akina mama walisema wazi kwamba zege halinywi kabla ya mtoto. Walikuwa na haki. Mimi niliogopa mvua ije ibomoe kuta tulizozihangaikia mwaka mzima. Hilo ndilo nililojiambia miaka yote. Lakini kulikuwa na lingine. Mgeni kutoka wilayani alikuwa amepangiwa siku ya kufungua darasa, na mimi nilikuwa nimekwisha kukata kibao cha herufi za kugandamiza jina langu.

Nikawapanga ninyi watoto mstari, mkaenda ziwani na ndoo.

Fundi wetu alikuwa Gaspari wa Mgori. Alipoona ndoo ya kwanza alichovya kidole, akakiweka ulimini, akatema. Akanijia kando akaniambia kwa heshima kwamba maji haya ni ya chumvi, kwamba chumvi hula chuma polepole, na chuma kikioza huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Akasema tungoje mvua, kuta atazifunika kwa nyasi. Mimi nilikuwa nimesoma kemia chuoni, nilijua kwamba anasema kweli kuliko alivyojua yeye. Nikamwuliza mbele ya wasaidizi wake tangu lini mwiko unamfundisha mwalimu. Wakacheka. Gaspari aliweka mwiko wake kwenye mfuko, akafunga kamba, akaondoka kwa miguu. Zege lilimwagwa na wasaidizi, mimi nikisimamia. Kamati ya shule iliponiuliza fundi yuko wapi, niliwaambia amelewa, amekimbia kazi. Hakupata tena kazi hata ya choo katika kata yetu. Amekufa akiitwa mlevi, na pombe hakuwa akiigusa.

Ninyi mlijua maji ni ya ziwani, hamkujua ubaya wake. Wewe mwenyewe ulibeba ndoo sita nikakusifu mbele ya wenzako. Usijilaumu hata kidogo. Aliyejua ni mimi, na nimejua kwa miaka arobaini, nikipita pale kila siku hadi nilipostaafu, nikiitazama ile lenta kama mtu anavyomtazama mbwa mkali wa jirani.

Daktari ameniambia moyo wangu hautafika Pasaka. Sikiogopi kifo changu kama ninavyoyaogopa mawingu ya mwezi huu. Wakati naandika mstari huu wingu limesimama upande wa ziwa, na ninahesabu ni watoto wangapi wanaokaa chini ya lenta ile. Arobaini na wawili.

Jumatatu asubuhi usimruhusu hata mmoja aingie. Wafundishe nje, juani, popote. Mwite mhandisi wa halmashauri, mwonyeshe mahali Eliana alipogonga. Barua hii isome mbele ya kamati pamoja na jina langu, usiruke mstari. Nakala mpelekee Luciana, binti wa Gaspari, kule Mgori, aisome kwa sauti kanisani kwao akitaka. Na Eliana mwambie kwamba babu alimdanganya, kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, na kwamba siku nyingine mtu mzima akimwambia aende akakae, atazame juu kwanza.

Severina atakuletea barua hii leo kwa bodaboda, pamoja na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake ni kile kipande cha zege. Nilikiweka mfukoni siku ile ili wengine wasikione. Jana nimefanya alichofanya Gaspari, nimekigusa kwa ulimi. Sikuweza kutambua kama ni chumvi ya ziwa au ni machozi yangu tu.

Nisalimie Gerald na wanao. Kuku pia.

Mimi baba yako mkubwa,
Mwalimu Peniel

Wakilivunja darasa, waombe waanze na jina langu.