Kamati ya Mtu Mmoja

Tampere, Finland

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku niliko. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha barazani, goti limetulia, na Mama amekwisha kukupa habari zote za kanisani. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ninayo, chumba ninacho, na viazi vya huku, ambavyo huchemshwa na maganda yake na kuliwa kwa siagi, nimeshavizoea, ingawa sijakutana na kimoja kinachofikia vile vya Mau Narok.

Nimemtumia mdogo wangu Wafula barua hii ili aichapishe kwenye duka la saiba akuletee. Nimemwomba asiisome. Najua ataisoma. Nimeona afadhali niandike kuliko kupiga simu, kwa sababu simu ya nyumbani husikilizwa na sebule nzima, na jambo nililo nalo sharti ulipokee wewe kwanza.

Baba, nimetenda jambo lililonishtua mimi mwenyewe, na mshtuko huo haujanitoka hadi sasa.

Siku ya kuondoka uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nami nikakujibu kwa maneno makubwa ambayo hayakukusaidia. Sasa nakueleza vizuri. Tunatunza programu ya kompyuta inayotumiwa katika vituo vya kukusanyia mazao: mkulima analeta magunia, yanapimwa kwenye mizani, na programu inahifadhi uzito pamoja na jina lake. Programu hiyo ni huria, yaani hakuna aliyeifungia. Mtu yeyote duniani anaweza kuona jinsi ilivyoandikwa, akarekebisha kasoro aliyoiona, kisha akatutumia marekebisho hayo ili tuyaingize. Wengi wao wanajitolea tu. Mimi nimewekwa niwapokee wanaojitolea kwa mara ya kwanza, nikague kazi yao, niwasaidie wakue na wabaki nasi.

Nilitaka sana kuonekana ninafaa. Kila marekebisho yalipofika niliyapitia mstari kwa mstari, nikaorodhesha makosa kwa nambari. Hata nafasi moja iliyozidi kati ya maneno sikuiacha. Mwishoni nilitia sahihi ya "Kamati ya Upokezi", jina nililolibuni mwenyewe ili majibu yawe na uzito. Kamati hiyo, Baba, ni mimi peke yangu.

Majuzi nilimpelekea mkubwa wangu, mama mmoja mtulivu anayeitwa Aino, taarifa ndefu ya jinsi nilivyoinua kiwango cha kazi. Aliisoma yote, kurasa zote, akaniuliza jambo moja tu.

"Wangapi walirudi?"

Sikumwelewa. Akafafanua: kati ya wageni niliowapokea, wangapi walituma kazi ya pili? Nikarudi mezani kwangu nikatafuta. Nikatafuta tena, nikiamini kwamba nimekosea. Hakuwepo hata mmoja. Nikarudi kwake nikamwambia. Aino hakunifokea. Aliniambia nichukue orodha ya majina, niwapigie mmoja mmoja, niwaulize kwa nini waliondoka, na nisijitetee.

Wa kwanza kwenye orodha alijiita Shamba Tatu. Jina lake halisi hakuwa ameliandika. Nilimwandikia kwa jina la ofisi, akakubali tuonane kwa simu ya video. Asubuhi ile nilivaa koti langu rasmi. Picha ilipofunguka niliona kwanza magunia ya viazi yaliyopangwa hadi darini, kisha kofia ya sufu ya kahawia, kisha uso wa Mwalimu Kariuki.

Ndiye, Baba. Yule yule aliyenifundisha kompyuta sekondari, kwenye mashine mbili zilizokuwa zikipokezana kuharibika. Sikujua kwamba baada ya kustaafu alirudi Mau Narok, wala kwamba ndiye anayeshika rekodi za kituo cha wakulima huko.

"Nekesa? Ni wewe ama ni macho yangu?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Nilisikia uko ng'ambo, sikujua ni hapo kwa hawa watu. Na umenona kiasi. Hiyo baridi imekupenda."

Nikamuuliza, kwa sauti ya ofisi, kwa nini hakuendelea kututumia kazi. Alicheka, akaivuta kofia yake mbele.

"Wacha nikwambie ukweli, msichana wangu. Hapa stima ikipotea katikati ya kupima, kila kitu inafutika. Tunapima upya. Watu wanasimama kwa laini mara mbili na wananitusi mimi, si stima. Nikakaa chini mwezi mzima, nikaandika kitu ya kuhifadhi uzito hapo hapo. Hapa kwetu ikafanya kazi poa. Nikawatumia. Halafu hiyo Kamati yenu ikanijibu."

"Ilisemaje, Mwalimu?" Nilijua ilivyosema. Nilikuwa naikumbuka neno kwa neno.

"Makosa kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili. Ati nisome maagizo kabla ya kupoteza muda wa wengine. Sasa, nilikuwa na makarani wawili hapa, akina mama, nawafundisha kuandika programu tukimaliza kupima. Wakasoma hiyo kitu juu ya bega langu. Mmoja akaniambia, Mwalimu, kama wewe umepata kumi na tisa, sisi tutapata ngapi? Wakarudi kwa daftari. Na mimi nikawafuata."

Akaliinua daftari mbele ya kamera nilione. Jalada lilikuwa na vumbi la udongo wa viazi. Kisha akaniuliza:

"Na hiyo Kamati ni ya watu wangapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, Baba. Nikasema, "Ni wachache, Mwalimu."

"Wakubwa?"

"Kiasi."

"Basi usigombane nao kwa ajili yangu. Wewe ndio umeingia juzi. Linda kazi yako."

Nilipofunga simu nililivua koti langu. Mwalimu wangu alikuwa akinikinga na mtu aliyemwumiza, na mtu huyo alikuwa ameketi mbele yake amevaa koti rasmi.

Siku hiyo hiyo niliifungua kazi yake upya. Ilikuwa nzuri. Katika yale kumi na tisa, mawili tu yangeweza kuleta madhara. Mengine yalikuwa mapambo, nami niliyarekebisha kabla chai yangu haijapoa. Tukaiingiza kwenye programu na jina lake juu yake, nikadhani nimeponyoka. Kesho yake akaniandikia kwamba stima imepotea mara mbili na mizani ya kituo haikupoteza hata gunia moja. Chini akaongeza: "Nishukurie Kamati. Nisalimie hao wazee."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sijaponyoka. Makarani wale wawili bado hawajarudi. Mwalimu amewaambia kwamba Kamati siku hizi imelainika, nao hawamwamini. Na sioni watakavyoacha kuiogopa kama hawataambiwa ilikuwa nani. Aino anajua yote, na ameniachia mimi.

Unakumbuka, nikiwa kidato cha pili, nilipounguza mojawapo ya mashine zile kwa kuchomeka waya mahali nilipokatazwa? Nilikuja nyumbani nikasema iliharibika yenyewe. Hukunichapa. Ulivua ovaroli ya kiwandani, ukavaa koti la kanisani, tukatembea hadi kwa Mwalimu. Mlangoni ulivua kofia, ukasema, "Nimemleta aseme mwenyewe." Kisha ukarudi hatua moja nyuma yangu, ukanyamaza. Nililia, lakini nilisema. Tukapewa chai.

Ombi langu ni hili. Jumamosi tafadhali nenda Mau Narok, hadi kituoni. Usimweleze Mwalimu neno, wala usiniombee msamaha. Hilo ni langu. Nimemwomba awaite makarani wote wawili, naye ameitikia akidhani Kamati inataka kuwapongeza. Nitapiga saa nne asubuhi. Nitawaambia Kamati ina watu wangapi. Sijui watanijibu nini, na sikuombi unihakikishie kwamba watanisamehe. Naomba tu usimame mahali ambapo kamera itakuonyesha.

Msalimie Mama, na umwambie soksi alizofuma zimenifaa kuliko kitu chochote nilichonunua huku. Msalimie kaka yangu mkubwa kule Kihoto. Niambie kama maji ya ziwa yameshatoka kwenye nyumba yake au bado analala kwa jirani. Msalimie shangazi wa Longonot na mumewe, na Wafula, ambaye sasa amekwisha kujua kila kitu na namsihi afunge mdomo hadi Jumamosi.

Lile koti la kanisani, kama Mama amelikunja kabatini, alianike Ijumaa.

Ni mimi bintiyo, niliye mbali na ninayekuhitaji hatua moja nyuma yangu,

Nekesa