Sema Kwanza Kama Ulianguka Mwenyewe

Yaya Mbiombio,

Jina hii siye badogo yako tulikupa juu ya kinga yako, ile baiskeli yenye ulikuwa unaendesha sawa muntu mwenye nyuki inamufukuza. Leo nakuandikia na crayon, ku kartasi ya sukari, nimeikala ku banc inje ya lopitalo. Hapana, miye siko mugonjwa. Yaya, nimeona kintu mu avenue yetu, mpaka sasa akili haikubali.

Asubui tulikuwa ku robine ya mayi na bamama, ndoo mu mustari. Muntu mwenye kubeba makala akapita na kinga, gurudumu ya mbele ikaingia mu mufereji, akaanguka, na mufuko yote juu yake. Chuma ya kinga ikamupasua mupaja. Damu, Yaya, damu mingi. Hakuna mwenye alimujua.

Bantu bakakuja mbio, unajua avenue yetu. Bakamuzunguka. Kisha bakasimama tu. Hakuna hata moja aliinama. Mama Sidonia, ule mwenye alikuwa anatukatia muhogo bila kuuliza kama tuko batoto ya nani, akainua kidole.

«Sema kwanza kama ulianguka mwenyewe. Sema, bote basikie.»

Nilizani anamucheka. Kumbe njo desturi mupya, ilianza kisha mulandu yako, ile kesi ya ku tribunal. Mugeni akianguka, hakuna kumugusa mpaka atasema na kinywa yake kama hakuna mwenye alimusukuma. Bengine bakaanza kumubembeleza: baba, ni maneno kidogo tu, sema, tukubebe. Ule muntu akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akaonyesha ndoo yangu. Alitaka mayi! Nikainama na kikombe, na Baba Musafiri, ule fundi wa kushona wa pembeni yetu, akanishika mukono.

«Mayi ikimukaba mu koo, mulandu itakuwa ya nani?»

Na bantu bakaitika na kichwa. Baba Musafiri, Yaya! Bibi yake alizaa muzuri juu weye ulimupeleka ku lopitalo na kinga, mvua inapiga. Yeye pia hakusahau, nilimuona: alinishika mukono, lakini macho yake ilikuwa chini.

Pale njo nilikuona mu mawazo, weye na ile siku ya Mungu. Tulikuwa tunatoka ku misa, tukamukuta ule kijana amelala pembeni ya reli. Haukuuliza kintu. Ulimukalisha ku kinga, ukaniambia nimukamate nyuma asianguke, ukasukuma mpaka huku, ku hii lopitalo. Damu yake iliingia mu robe yangu mupya, na haukunikemea. Infirmier, ule muuguzi wa kuandika bagonjwa, akauliza nani alimuleta. Weye ukataja jina yako yote, na avenue juu yake, na sauti ya korali. Nilivimba juu ya fahari. Sikujua kama ile jina itatembea yenyewe mpaka ku tribunal.

Kijana akakufa, bajomba yake bakakuja. Balisema ni kinga yako njo ilimugonga. Juge hakukukemea hata, alikuuliza sawa muntu mwenye anataka kujua kweli: «Muntu gani anabebaka muntu mwenye hajui?» Bantu bakacheka. Weye ukaangalia juu, sawa jibu iko mu mabati. Bakakupa kosa, bakakurudisha Mitwaba, ku kijiji yetu, kinga ikabakia ku ukuta ya tribunal.

Basi nikavuta mukono yangu, Yaya. Nikamupa mayi, kidogo kidogo. Nikatoa kitambala ya kichwa, nikafunga ule mupaja nguvu. Mama Sidonia akasema nyumba yetu haina masikio, haikujifunza kintu ku mulandu yako. Na unajua bantu balifanya nini? Baligeuka. Bote, migongo tu, juu basikuwe bashahidi. Milango ikafungwa mu muchana kabisa. Niliona tu Baba Musafiri anasukuma pusupusu yake kwangu, ile kigari ya kubebea vitambaa. Aliisukuma na muguu. Na muguu, Yaya! Juu mukono yake isiseme kama ilinipa. Lakini kumupandisha, nilimupandisha miye peke.

Sasa banashona mupaja. Anapumua, haseme. Infirmier alitoka, si ule wa zamani, huyu ni kijana, akauliza nani alimuleta. Nikamuambia nakwenda kupumua kwanza. Akanifuata mpaka ku mulango.

«Dada, usiende. Akiamuka, ataniuliza nani. Akikufa, bandugu yake bataniuliza nani.»

Hakuna mulinzi ku barrière ya lopitalo, iko wazi. Nikipita pale, hakuna mwenye ataniita. Lakini ule muntu atafungua macho mu nyumba yenye hakuna hata moja anamujua. Na nikibakia, jina yangu itatoka hapa kabla yangu, sawa yako. Mama anabakia na miye tu.

Najua camion ya Mitwaba haipeleke barua mbio, na jibu yako itanikuta nimekwisha kuchagua. Nakuandikia tu, juu hakuna mwingine wa kuuliza. Infirmier anarudi, nasikia viatu yake.

Yaya, na yote yenye unajua sasa, weye ungefanya nini? Ungetaja jina tena?

Miye mudogo yako, ule wa kukamata nyuma ya kinga