Ukurasa wa Pili wa Karatasi ya Wakili

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikangoja uitikie, kama mjinga.

Tumeshinda kesi. Hukukaa ukasikia. Hakimu amesema sindano ya Rajabu ilichomwa pasipo pake, ikaumiza mshipa wa fahamu, na ile zahanati imlipe fidia. Daktari aliyekuja kutoka Tanga alieleza vizuri: chanjo haina kosa, kosa ni la mkono uliochoma. Sasa mdogo wangu anapelekwa mazoezi kila wiki na kisigino kimeanza kugusa chini. Ungemwona ungelia, halafu ungesingizia moshi.

Ila wakili anataka ujira wake. Juzi watu wake wamesimika nguzo za zege kuzunguka shamba letu la Ushongo. Shamba lote, Baba. Wewe ulimwekea rehani minazi tu, aangue nazi mpaka haki yake itimie, ardhi ibaki yetu, kama wanavyofanya watu wote wa huku. Karatasi yake haiyajui hayo. Inasema tukishinda, shamba na vyote vilivyomo ni vyake. Ami Mwinjuma anataka tumpe wakili fidia nzima, atuachie shamba. Na mguu wa Rajabu je? Kitandani ulituachia neno moja: "Fidia ile ya mguu, msije mkaila."

Watu wanasema mzee kauza shamba kwa dole gumba. Ami naye anasema. Mimi nakaa kimya, na kimya hicho kinaniua, kwa sababu kosa si lako.

Unaikumbuka siku ile ofisini kwake Pangani? Uliniambia, "Soma mwanangu, mie nasikiza." Nikakusomea ukurasa wa kwanza. Pantoni ilikuwa inapakia, honi inalia, nami sikutaka tukwame ng'ambo na Rajabu mgongoni. Ukauliza, "Na huu wa pili?" Nikajibu, "Ni yale yale, Baba." Ukabonyeza dole.

Sikuwa nimeusoma. Hata kwa macho sikuupitia.

Kesho baraza la ardhi linakaa. Karani ameniambia kama hukusomewa, huenda mapatano yakavunjwa. Huenda tu. Nitasimama niliseme hilo mbele ya Ami, mbele ya Mama ambaye mpaka leo anajua nilikusomea yote. Naogopa, Baba. Naogopa uso wa Mama kuliko wakili na nguzo zake.

Lakini nitasema. Mguu wa Rajabu hautalipia uvivu wangu, nakuahidi, na jina lako nitalisafisha hata langu likichafuka.

Buriani, Baba. Barua hii naiandikia hapa hapa kaburini kwako, na ile karatasi nimekuja nayo. Naweka kalamu sasa. Nafunua ukurasa wa pili, nikusomee neno kwa neno.

Sikiza.

Mwanao,
Zuhura