Limi, Nyama Ile Bado Hatujaionja

Umetimia mwaka, Limi mwanangu, tangu ututoke pale hospitali ya Kolandoto, figo zimekataa kufanya kazi.

Madereva wa malori pale Isaka bado wanaulizia maharage yako. Ulikuwa unawapakulia kwa mkono mmoja, na aliyelalamika kucheleweshewa ulimwambia, "Kaka, mkono wa pili uko likizo, subiri." Ukacheka wewe kwanza.

Mkono huo ulikatwa mlangoni kwa bibi yako Ndaki, usiku ule walipokuja na mapanga kuwaua vikongwe wa kijiji chetu wakiwaita wachawi. Ulijiweka mbele yake. Bibi alikufa, na wenzake pia. Wewe ulibaki, na uliitambua sauti ya Donatus, jirani yetu.

Donatus alifungwa, akatoka, akataka kurudi. Dagashida, mkutano wetu wa kijiji, uliamua atoe ng'ombe, achinjwe, tule pamoja yaishe. Kwa desturi yetu aliyeumizwa huonja kwanza. Asipoonja, hakuna anayekula, na mkosaji anabaki ametengwa.

Ulisukuma sahani. "Nitaonja akimtaja aliyewatuma." Nyama ilipoa wazee wakiitazama. Baada ya hapo wengine waliacha kukusalimia. Ukawa unawasalimia wewe, tena kwa sauti.

Sasa wanasema kwa kuwa hupo, yameisha. Jumamosi hii anachinjwa ng'ombe mwingine na mimi natakiwa nionje kwa niaba yako. "Mama Limi, onja tu kidogo, kijiji kipumzike," mwenyekiti ameniambia. Nikamuuliza kijiji kimechoshwa na nini, wakati waliochoka tumeshawazika.

Juzi Donatus alikuja uani kwangu.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia.

"Mama, nikimtaja ataniua."

"Kumbe yupo," nikamwambia. "Na yuko karibu."

Aliangalia barabarani, akaondoka bila kuaga.

Basi Jumamosi nitakaa pale ulipokaa. Sahani wataiweka mbele yangu, na sitaigusa mpaka jina lisikike mbele ya watu wote. Na wewe uliyewatuma, ukilisoma tangazo hili, njoo. Nafasi ya kukaa ipo.

Unakumbukwa na mama yako Eunice, baba yako Maige, mwanao Januari, mdogo wako Scolastika, na wajukuu wote wa bibi Ndaki.

Daima tutakukumbuka, Limi, na swali lako tutaendelea kuliuliza.