Uvimbe Usiouma

Diff, Wajir Kusini

Kwa dada yangu mpendwa Caro,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi nipo, kazi ya zahanati inaendelea.

Ulinipigia kuuliza mbona nimenyamaza. Ni kwa sababu ya Hodan, yule rafiki yangu muuza chai niliyekusimulia. Ametuacha.

Alinijia wakati wa kiangazi akanionyesha uvimbe kwenye titi. "Sista, hii haiumi," akaniambia. "Sasa ni ugonjwa gani haina uchungu?" Nikamweleza kwamba usiouma ndio tunaouogopa, aende hospitali ya Garissa upesi. Akasema atamngoja mumewe, Abdisamad, arudi na ngamia kutoka malishoni. Mvua ikachelewa, na Abdisamad akachelewa. Walipofika Garissa, daktari akawaambia saratani imeshaingia mifupani.

Siku zake za mwisho nilikuwa nikienda kwake kumdunga dawa ya maumivu. Aliniuliza, bila ubaya wowote, "Wewe umesoma hii kitu kwa kitabu. Kitabu inasema inauma aje?" Nikamjibu kwamba kitabu kinasema maumivu ni makali. Alicheka kidogo, akageukia ukuta. Alipofariki, wanawake walipokuwa wakimwosha, nilikaa nje na binti yake Amran, nimemshika mkono.

Caro, sasa keti. Hata kabla hatujamzika nilikuwa nimegusa kitu hicho hicho kwangu, nikioga. Mimi ninayewafundisha wanawake kujipapasa nilijiambia ni mtoki, ni hedhi, ni uchovu. Nilijua jina la ugonjwa huo, na bado nikangoja kama Hodan. Baada ya mazishi nilikwenda Garissa wakanipima. Ni saratani. Nitakuja Nairobi kukatwa titi, na naomba uwe nami siku hiyo. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Daktari anasema nimewahi. Ni maneno yale yale ninayowaambia wagonjwa wangu, na ni ya kweli. Lakini tangu niambiwe mimi, kabla ya kumwambia mgonjwa maneno hayo, namuuliza kwanza inamuuma vipi.

Nawe jipapase, tafadhali, leo hii. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu, na Mungu awatunze mpaka tutakapoonana.

Mdogo wako,
Kagendo