Sentensi ya Nyemo

Msalato, Jumanne jioni

Na sheria yenyewe niliibandika mimi mlangoni kwa mkono wangu: darasani ni Kiingereza tu.

Leo kipindi cha tatu, Kidato cha Kwanza, Nyemo alisimama bila hata kunyoosha mkono. "Madam, Rehema..." Nikamkatiza hapo hapo. "In English!" Darasa likacheka. Akakaa. Nikaendelea kuandika ubaoni, tena nimeridhika, nikijiambia sasa wanaanza kunyooka.

Dakika kama kumi baadaye Rehema, anayekaa naye dawati moja, akaanguka. Pumu. Midomo ilishabadilika rangi. Nilipanda naye bodaboda, nimemkumbatia, hadi zahanati. Wamemwekea oksijeni, anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nesi aliniuliza tu, "Mwalimu, mlikuwa mnasubiri nini?"

 

Niliporudi nikamuuliza Nyemo kwa nini hakusema tena. Mtoto wa kijijini Mlali huyu, kwao wanaongea kilugha, hata Kiswahili alikikuta shuleni. Akainamisha kichwa. "Nilikuwa bado naitafuta sentensi, madam."

Daftari lake liko hapa mezani. Tangu Januari nimewaimbisha kwa Kiingereza rafiki yangu ni mrefu, rafiki yangu ni mpole, wanaitikia mpaka madirisha yanatetemeka. Lakini rafiki yangu hawezi kupumua, hilo sikuwahi...

Kwenye ukurasa wa leo ameandika: My friend is. Halafu amefuta, ameandika, amefuta, mpaka karatasi imetoboka.

Maneno matatu. Yote sahihi.