Matanga ya Mwamini, Naye Iko Hai

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Nimepepeta mchele tangu asubuhi, nikala nimesimama. Meza yangu imekuwa ofisi ya Zaina, mutoto wa mwanangu. Anatengeneza mashini ya kwenye simu kwa ajili ya chama chetu cha mama wa mchele. Unaiambia neno kwa sauti, yenyewe inachagua la kufanya. Ndani iko na zana: moja ya kupeleka habari kwa ndugu, moja ya kuita chama chote kwenye matanga. Kila zana imeandikiwa maelezo. Mashini inasoma hayo tu. Haitujui. Zaina anaandika mbio kama muntu anayeanua nguo, mvua inakuja.

Mudogo wangu wa tumbo moja, Mwamini, anaumwa kule Kibombo. Miguu imevimba, pumzi fupi. Kesho pikipiki itaenda kumuleta hospitali hapa Kindu. Nimeiambia mashini: familia iko na shida, Mwamini anaumwa sana, wajulishe. Ikajibu kwa adabu. Adabu nyingi mno.

Jumanne, tarehe 4

Uwanja wa nyumba yangu umejaa wanawake. Mama wa mtaa wetu wa Alunguli karibu wote. Mikeka, kuni, sombe ya majani ya muhogo imekwisha kutwangwa. Wanalia. Nikauliza nani amekufa. Mama Aziza, jirani yangu, akanishika mabega.

"Kaa chini, dada. Mwamini ametuacha."

Nikaketi juu ya mkeka. Halafu nikamuona Zaina mlangoni na simu, uso kama majivu, nikaelewa. Kwenye zana ya matanga alikuwa ameandika: tumia hii familia ikiwa na shida. Hayo tu. Ugonjwa si shida? Nyumba kuvuja si shida? Mashini imetii, ikaita chama chote kwenye matanga. Nilipigia kelele mashini, kisha Zaina, zaidi Zaina.

Mama hawakurudi na chakula. Chakula cha matanga hakirudishwi. Wakala, wakanywa chai, wakasema Mungu asifiwe iko hai, wakaomba chumvi.

Kibaya njo hiki: Saidi mwenye pikipiki na yeye alipata tangazo. Hakuondoka. Rezo ya simu kule Kibombo imekatika, hatuwezi kumusikilizisha sauti ya Mwamini. Nilimufuata kwake.

"Mimi sibebi maiti, Koko, bibi yangu," akasema.

Nikamuambia iko hai. Akasema chama kizima kimelia, na sasa wanasema iko hai kwa mdomo wangu tu, asadiki nani, mimi peke yangu? Na Mwamini anangoja kule, pumzi inamuishia.

Jumatano, tarehe 5

Nimekaa juu ya pikipiki ya Saidi. Wateja wakaja, sikushuka. Mke wake akaniletea uji, nikaunywa hapo hapo juu. Adhuhuri Saidi akachoka na aibu, akaondoka. Barabara mbaya. Mvua ilinyesha nyuma yake. Nimemuchukia na nimemuombea.

Alhamisi, tarehe 6

Hakuna habari. Nimemukalia Zaina kwa maneno ili nisiwaze.

Nimemuambia wakati wa vita treni ilikuwa haiji, rezo haikuwa bado, tulituma maneno kwa midomo ya wapita njia. Muntu hakujui, hamujui Mwamini. Basi unamupanga maneno: umuambie niko muzima. Usimuambie mbele ya askari. Ukikuta mlango umefungwa usiulize majirani, rudi. Wakati wa kusema, na wakati wa kunyamaza. Zaina akajibu anayajua hayo, alifundishwa, ila mama walimukimbiza wakitaka mashini kabla ya mavuno. Na mimi nilikuwa kati yao. Nikamuambia asinijibu hivyo.

Nikachukua simu, nikasema maelezo mwenyewe. Sikuacha kitu. Nani ni ndugu, nani anajifanya ndugu, shemeji yetu asiyeletewa habari kwa sababu ya ugomvi wa lile shamba, na mashini isithubutu tena kunitisha. Zaina akaijaribu: Mwamini anaumwa. Ikauliza shemeji yupi. Ikauliza shamba lipi. Haikupeleka habari kwa mtu yeyote. Zaina alicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu Jumanne. Mimi sikucheka.

Akakata karibu yote. Yamebaki haya: zana hii ni ya kifo tu, si ya ugonjwa wala shida nyingine. Ndugu wa marehemu athibitishe kwanza. Ukiwa na shaka, uliza, usiite watu. Akaijaribu tena. Habari ya ugonjwa ikaenda kwa ndugu peke yao. Kavu, haina salamu. Lakini imefika panapotakiwa. Nimekubali kwa kichwa. Kwa mdomo, hapana.

Jioni, bado hakuna Saidi.

Ijumaa, tarehe 7

Wamefika baada ya swala. Mwamini amefungwa kwa kitenge mgongoni pa Saidi kama mutoto mchanga. Matope mpaka shingoni. Anapumua. Hospitali wamemupokea, daktari akasema tungechelewa kidogo zaidi tungemukosa. Saidi hakunitazama. Nimemupa mkono hata hivyo.

Jumapili, tarehe 16

Mwamini ametoka hospitali, iko kitandani mwangu. Miguu imepungua. Anataka kujua nani alikuja kumulilia. Nimemutajia mmoja mmoja, alikaa wapi, alileta nini. Akauliza na wasiokuja. Nimewataja pia. Anasikiliza macho yamefungwa, mara anaguna.

Akauliza kama mimi nililia.

Nikasema nilie nini, nilijua iko hai.

Akageukia ukuta. Nimekaa hapo kwa muda, nimemukanda miguu polepole, mpaka akalala.